Mkanda wa mbio ndani ya gari la kila siku: uchambuzi wa kisa kimoja cha Malindi

Gari ni Subaru Impreza ya 2006 iliyoingizwa kutoka Japani, yenye turbo, mikanda ya kawaida ya pointi tatu na mifuko miwili ya hewa mbele. Mwenyewe ni kijana wa Malindi, na gari hilo hilo ndilo analoendea kazini Watamu na kurudi. Sasa anataka kulipeleka bara kwenye siku ya kuendesha kwa kujipima muda, ndani ya uwanja uliofungwa, kila gari likikimbia kwa nafasi yake bila kusukumana na jingine. Kisa ni cha mfano, lakini hakina kitu kisichokutwa kwenye gereji za pwani.

Amekwisha kununua kiti cha mbio cha faiba, mtumba, chenye lebo ya FIA 8855-1999 (namba ya kiwango cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari) na mwaka 2011. Amenunua mkanda wa pointi nne ambao lebo yake imekatwa, helmeti ya pikipiki na kizima moto cha unga cha kilo 1. Pia amepatana na fundi wa mageti amkunjie upinde wa bomba la kusimama nyuma ya viti vya mbele. Fedha zimeishia hapo. Anachouliza ni kama gari sasa ni salama kuliko lilivyotoka kiwandani.

Si salama zaidi. Kwa ajali nyingi za uwanjani, likifungwa vitu hivyo kama vilivyo litakuwa limerudi nyuma. Watu wengi hudhani usalama ni jumla, kwamba kila kifaa kinachoongezwa kinaongeza kitu. Lakini kiti, mkanda, paa, helmeti na kishika-shingo (kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kurushwa mbele) vimebuniwa vikitegemeana, na ukibadilisha kimoja peke yake mara nyingi unakuwa umeondoa kazi ambayo kifaa cha kiwandani kilikuwa kikiifanya kimyakimya.

Uzito wa mwili wakati wa kugonga

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu kila bolti inaonekana inatosha. Gari linalogonga ukuta wa tairi au tuta la udongo kwa kilomita 60 kwa saa lina mwendo wa mita 16.7 kwa sekunde. Tuseme kujikunja kwa boneti pamoja na kunyumbuka kwa mkanda kumempa dereva mita 0.6 za kusimamia. Wastani wa nguvu ni kama mara 24 ya uzito wake. Dereva wa kilo 75 anausukuma mkanda kwa karibu tani 1.8. Kichwa na helmeti, kilo sita na nusu kwa pamoja, vinaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 150. Kizima moto ambacho na mtungi wake kina kilo 4 kinakuwa na karibu kilo 100. Sanduku la spika la kilo 20 kwenye buti, ambalo vijana wetu hawapendi kulishusha hata kwa siku moja, linakuja mbele na kilo 480. Na hiyo ni kilomita 60 tu, mwendo ambao hata Probox ya abiria inauona mdogo.

Mkanda

Mkanda wa kiwandani unadharauliwa kwa sababu unakuachia ukiteleza kitini kwenye kona. Kazi yake halisi ni nyingine. Kwenye gari hili ndani ya kikunjio kuna baruti ndogo inayokaza utepe ajali inapoanza, kisha kikunjio huuachia utepe kidogo kidogo ili kifua kisivunjwe, na mfuko wa hewa unapokea kilichobaki. Paa likibonyea gari linapopinduka, mkanda wa bega moja unaweza kuuacha mwili ulale upande.

Mkanda wa pointi nne unabadilisha yote hayo. Unamfunga dereva wima. Paa likishuka, hana pa kwenda. Ndiyo sababu mkanda wa mbio bila upinde imara juu ya kichwa ni kitu cha kukataa moja kwa moja, hata kama mkanda wenyewe ni mpya.

Tatizo la pili ni tumbo. Tepe za mabega zinapokazwa zinavuta bizimu juu, na bizimu inauinua mkanda wa kiuno kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi kwenye tumbo laini. Wakati wa kugonga, nyonga zinateleza chini ya mkanda, na mkanda unakata matumbo na ini. Mikanda ya pointi tano na sita ina tepe za kati ya mapaja kwa kazi moja tu: kuizuia bizimu isipande. Ipo mikanda michache ya pointi nne yenye mshono maalumu kwenye bega moja unaofumuka kwa makusudi ili mwili uzunguke kidogo badala ya kuteleza, lakini huo una cheti na lebo. Huu wa kijana lebo yake imekatwa, kwa hiyo haujulikani ni wa aina gani wala wa mwaka gani.

Mwaka una maana. Mikanda yenye FIA 8853-2016 inaandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika, na ile ya SFI 16.1 (SFI ni taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio) inahesabiwa miaka miwili tangu tarehe iliyotobolewa kwenye lebo. Si ujanja wa kuuza. Utepe wa poliesta huliwa na jua. Malindi gari linaloegeshwa nje linapigwa na jua la mstari wa ikweta karibu mwaka mzima, na chembe za mchanga zinazoingia kati ya nyuzi hukata kila utepe unapovutwa. Utepe uliopauka, uliokuwa mgumu kama kamba ya katani iliyokaushwa, au wenye manyoya kingoni, hautumiki tena.

Kisha pembe. Mpango wa kijana ulikuwa kufunga tepe za mabega kwenye matundu ya bolti za mikanda ya nyuma, sakafuni. Ukipima, tepe inatoka mgongoni mwa kiti kwenye urefu wa sentimita 60 hivi juu ya sakafu na kufika chini sentimita 50 nyuma yake. Hiyo ni pembe ya nyuzi 50. FIA hairuhusu kuzidi nyuzi 45 chini ya mstari wa bega, na kwa anayevaa kishika-shingo inatakiwa kati ya 0 na 20. Tepe zikivutwa kwa kilo 500 kwenye pembe ya 50, kama kilo 380 zinashuka kwenye mabega na kuubana uti wa mgongo. Kwenye pembe ya nyuzi 10 zinabaki kama 87. Mkanda ni ule ule na ajali ni ile ile.

Ukifungwa ipasavyo, kila nanga ya bega au kiuno lazima ibebe karibu kilo 1,500, na ya mapajani karibu nusu yake. Kwa hiyo bolti ni 7/16 UNF au M12 ya daraja 8.8 (namba imechongwa kichwani), na chini ya sakafu kunakaa bamba la chuma la unene wa milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita mraba 40. Washa kubwa ya duka la vifaa vya ujenzi si bamba. Penye kifungo cha vijiti vitatu, utepe unapitishwa, unarudishwa mara ya pili, na mkia wa sentimita 10 unabaki nje. Wengi huupitisha mara moja tu, unateleza wote siku ya kwanza ya kazi.

Kiti

Lebo ya 2011 inamaanisha kiti hicho kilikwisha muda mwaka 2016, maana 8855-1999 ni miaka mitano. Faiba inaweza kuwa imepasuka ndani bila kuonyesha nje. Toa kitambaa, washa tochi upande wa nyuma gizani, tafuta mistari myeupe kuzunguka matundu ya bolti na pale tepe za mabega zinapopita. Hata kisipoonyesha kitu, kwa kisa hiki tunakikataa, kwa sababu kiti kisichoegemea nyuma kinazidisha tatizo la paa lile lile la mkanda.

Wanaokitaka kiti kipya wajue kwamba kiti kinashikwa kwa bolti nne za M8 kwenye kila kiungo, cha kiti na mabano na cha mabano na sakafu, 8.8, na mabano ya chuma ya milimita 3 au ya alumini ya milimita 5. Alumini inayokaa juu ya chuma tupu kwenye sakafu yenye unyevu wa chumvi huliwa haraka. Paka praima na uweke karatasi ya kuziba katikati. Na ukitoa kiti cha kiwandani chenye waya za mkanda chini, taa ya mfuko wa hewa itawaka. Usiizime kwa kutoa balbu, maana mfumo uliolala hauamki siku ya ajali.

Upinde, na kutu

Hapa ndipo kisa hiki kina hatari kubwa zaidi, na hapa ndipo pwani inatofautiana na Nairobi.

Bomba alilolichagua fundi ni bomba la maji la mabati. Lina mshono kwa urefu wake, chuma chake hakina kipimo kinachojulikana, na zinki inayoungua wakati wa kuchomelea inatoa moshi wa sumu na kuacha weldi yenye vitundu. Likipigwa kwa pembeni linaweza kupasuka kwenye mshono. Kwa upinde mkuu FIA inataka bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, lenye nguvu ya angalau N 350 kwa milimita mraba, la kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa 2.5, au 50 na ukuta wa 2.0. Miguu ya nyuma na mihimili inaweza kuwa 38 kwa 2.5. Mkunjo ufanywe baridi kwa mashine yenye kalibu. Ukiona ndani ya mkunjo bomba limekunjamana au limekuwa bapa, hilo ni la kutupa.

Hatuwabezi mafundi wa mageti. Wengine wao wana mkono mzuri kuliko gereji zenye vibao vikubwa. Lakini mwambie fundi achomelee kwanza vipande viwili vya bomba lile lile, uvifunge kwenye vaisi, uvipige nyundo kubwa mpaka kitu kiachie. Bomba likijikunja weldi ikiwa nzima, endelea. Weldi ikifunguka kwanza, kosa si lazima liwe la mkono wake. Mara nyingi ni elektrodi zilizonyonya unyevu wa pwani. Zikaushwe kabla ya kazi.

Mguu wa upinde unakaa juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi, na bolti tatu za M8 au zaidi. Kwenye Impreza miguu ya nyuma kwa kawaida inatua juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Na matao hayo ndiyo mahali pa kwanza pa kutu kwenye gari hili. Kwa gari lililoishi karibu na ufuo, upepo wa kusi ukirusha chumvi, na mchanga uliolala chini ya zulia ukishika unyevu kila usiku, upinde bora kabisa unaweza kuwa umesimama juu ya karatasi. Hivyo kabla ya kutafuta bomba, ng'oa viti vyote na zulia, kwangua lami ya kuzuia kelele kwenye matao na kingo za milango, halafu gonga kwa nyundo ndogo kila sentimita tano. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Penye shaka chomeka bisibisi. Ikipita, kazi ya kwanza ni bodi, na siku ya uwanjani inaahirishwa.

Jambo moja husahaulika sana na wenye gari moja la kila kitu. Upinde au kizimba (fremu ya mabomba inayozunguka chumba cha abiria) karibu na kichwa kisichovaa helmeti ni hatari barabarani. Kutoka Malindi hadi Nairobi ni kama kilomita 600 za malori, na dereva hatavaa helmeti njia nzima. Povu la kufungia mabomba ya maji halisaidii, linabonyea kama hewa. Linalohitajika ni la FIA 8857-2001 au SFI 45.1, ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba halirudi kirahisi. Ndiyo sababu tunapendelea upinde wa nusu nyuma ya viti kwa gari la namna hii, na kizimba kizima kwa gari linalobebwa kwenye trela.

Helmeti na shingo

Helmeti ya pikipiki si mbaya, imepimwa kwa kazi nyingine: kuanguka kwenye lami, mara nyingi pigo moja kubwa. Ya magari, yenye lebo ya SA ya Snell (taasisi ya Marekani inayopima helmeti), inapimwa pia kwa mapigo yanayorudiwa dhidi ya kitu kama bomba la kizimba, na kitambaa chake cha ndani hakishiki moto. Toleo hubadilika kila miaka mitano hivi: SA2015, SA2020, SA2025. Kuanzia SA2015 zina matundu ya nyuzi ya M6 ya kufungia kishika-shingo. Waandaaji wengine hukubali helmeti ya Snell M, ya pikipiki, kwa siku za kujipima muda, wengine hukataa. Uliza kabla ya kulipa ada. Ya bodaboda isiyo na lebo ya kiwango chochote isikubaliwe hata wakiikubali.

Kipimo ni utepe wa fundi cherehani kuzunguka kichwa, sentimita mbili na nusu juu ya nyusi. Helmeti ikishikwa na kuzungushwa, ngozi ya paji iende nayo. Funga kidevu, mtu aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Iliyoanguka zege ikiwa na kichwa ndani haitumiki tena, na isihifadhiwe juu ya mapipa ya petroli wala kupuliziwa rangi, kwa sababu viyeyusho hula povu la ndani bila dalili.

Kishika-shingo cha HANS kilibuniwa na Robert Hubbard, mhandisi wa biomekanika, na dereva Jim Downing, Marekani, miaka ya 1980. Kwa miaka mingi madereva walikidharau. Dereva Dale Earnhardt alipofariki mbioni Daytona, Marekani, Februari 2001 kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, NASCAR, waandaaji wa mbio hizo, ililazimisha vishika-shingo mwaka huo huo, na Formula One ikafuata 2003. Kazi yake ni kuzuia ile kilo 150 isibebwe na shingo peke yake, na kinashikwa na tepe za mabega za mkanda wa mbio. Kwa hiyo mkanda wa mbio bila kishika-shingo una ubaya wake: kifua kimefungwa imara, kichwa kiko huru, na tofauti yote inamalizikia shingoni. Kwenye mkanda wa pointi tatu kifua husogea na kichwa, na kuna mfuko wa hewa mbele. Kwa magari ya saluni kinachofaa ni cha nyuzi 20, na tepe za mabega za inchi mbili hukaa juu yake vizuri kuliko za inchi tatu.

Moto na mavazi

Kilo 1 ya unga inaisha katika sekunde chache. Weka kilo 2, katika bano la chuma lenye kamba mbili za chuma za kufunguka haraka, bolti zishike sakafu na si plastiki. FIA inataka bano listahimili mara 25 ya uzito. Mtungi wa kijana ulikuwa umefungwa kwa skrubu mbili za mbao kwenye ukuta wa buti, kwa hiyo ni kombora. Uwe mahali dereva aliyefungwa mkanda anaufikia. Unga hushikamana chini kwa mtikisiko, basi upindue na kuupiga mtungi kwa kiganja kila mwezi, sindano ibaki kwenye kijani. Gari likiwaka, toka kwanza. Unga ndani ya chumba kilichofungwa unapofusha na kukaba pumzi.

Jezi ya mpira ya poliesta inayeyuka ngozini. Makubadhi hayana kazi kwenye pedali. Pamba ya mikono mirefu, suruali nzito na viatu vya ngozi vya soli nyembamba ndiyo kima cha chini. Vazi la SFI 3.2A/1 linatoa kama sekunde 3 kabla ya kuungua kwa daraja la pili, na 3.2A/5 kama sekunde 10.

Na chanzo cha ajali zenyewe? Mara nyingi ni breki. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya, inachemka si chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155, na hewa ya Malindi inainywesha maji haraka. Pedali inazama bila onyo. Mafuta mapya, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, katika wiki ya safari. Hiyo ni nafuu kuliko kitu chochote kilichotajwa hapo juu, na tungeianza.

Tulichoamua kwa gari hili

Fedha zimekwisha, basi njia ya kizimba haipo mwaka huu. Arudishe kiti cha kiwandani, mkanda wa pointi tatu na mifuko ya hewa, ahakikishe taa ya SRS (ya mifuko ya hewa) inawaka na kuzimika gari linapowashwa. Kiti kivutwe nyuma mpaka kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Kuteleza kwenye kona kunapunguzwa kwa kusogeza kiti nyuma kidogo, kuukaza mkanda kwa kuuvuta kwa nguvu ili kikunjio kishike, kisha kusogeza kiti mbele. Mkanda unabaki umekaza kiunoni. Bei ya bomba la fundi, ambalo halijakatwa, iingie kwenye helmeti ya SA na bano la kizima moto. Spika, jeki na gurudumu la akiba vishushwe nje ya uwanja. Bima aisome mwenyewe: sera nyingi za magari huondoa mashindano na majaribio ya mwendo, hata ya mtu mmoja mmoja. Akitaka baadaye kuingia mashindano yaliyo chini ya KMSF (shirikisho la mbio za magari la Kenya), aanze na kanuni zao za mwaka husika, si na duka la vifaa.

Kiti cha faiba kinafaa kuwa kiti cha ofisi. Mkanda wa pointi nne ukatwe vipande vipande kwa kisu kabla ya kutupwa, bizimu itenganishwe na tepe, la sivyo utakuwa sokoni kabla ya mwezi kuandama.